Mungu Alipokuja Kuhesabiwa

Desemba ikiingia, stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis huanza kufurika. Tiketi za Moshi na Arusha hugombaniwa, mabasi ya ziada hupewa vibali, na utani wa kila mwaka hurudi midomoni: Wachaga wanakwenda kuhesabiwa. Asiyeonekana Rombo, Marangu au Machame siku ya kuchinja mbuzi ataulizwa yuko wapi, na wa kujibu ni mama yake. Kenya nako matatu hupandisha nauli, na mitaa ya Nairobi hubaki mitupu kwa kuwa watu wamekwenda ushago.

Wengi wa wasomaji wa jarida hili wako ughaibuni, na hawatahesabiwa mwaka huu. Tiketi ya ndege ya Desemba haishikiki, makaratasi ya mwingine bado yako uhamiaji, na mwingine amepangiwa zamu. Kitakachofika nyumbani ni pesa ya sikukuu kwa simu, na kitakachorudi ni sauti ya shangazi anayeuliza, “Sasa lini?” Ndipo Krismasi ya ughaibuni inapogeuka orodha ya vilivyokosekana: mtori, mbege, kwaya ya alfajiri, kaburi la babu lililofyekwa mjukuu akiwa hayupo.

Orodha hiyo ni ya kweli, ila inaitazama sikukuu kutoka upande wa binadamu anayetamani kurudi kwao. Katika imani ya Kikristo Krismasi ina upande mwingine, nao ndio uliotangulia. Aliyesafiri ni Mungu, na hakuwa anarudi kwao. Alikuwa anaondoka.

Luka anaanza habari hiyo na amri ya serikali. Kaisari Augusto anaagiza watu wa dola ya Rumi waandikishwe, na Yusufu wa Nazareti analazimika kufunga safari ya zaidi ya kilomita 100 hadi Bethlehemu ya Uyahudi, mji wa ukoo wa Daudi, akiwa na mchumba wake mjamzito. Wanahistoria bado wanabishana kuhusu sensa hiyo, kwa kuwa sensa ya Kirenio, liwali wa Shamu anayetajwa na Luka, inayojulikana nje ya Biblia ilifanyika mwaka wa 6 baada ya Kristo, ilhali Mfalme Herode, ambaye Yesu alizaliwa wakati wake, alifariki takriban mwaka wa 4 kabla ya Kristo. Anachotaka Luka kionekane hakingoji ubishi huo umalizike. Sensa ya Rumi ilikuwa ya kodi. Watu waliandikwa ili wakamuliwe, na katikati ya foleni ya wanaokamuliwa ndipo Mtoto alipozaliwa, akafungwa vitambaa na kulazwa horini kwa kuwa wageni walikuwa wamejaa.

Mathayo naye anafungua kwa daftari la ukoo. Anaanzia kwa Ibrahimu, na kati ya majina ya wanaume anawaingiza wanawake ambao mtunza ukoo mwingine angewaruka: Tamari, Rahabu wa Yeriko, Ruthu Mmoabu, na mke wa Uria. Ruthu alifika Bethlehemu akiwa mjane na mgeni, akiokota masazo ya shayiri katika mashamba ya watu. Daudi, kitukuu chake, alipokuwa mfalme aliwahesabu watu ili ajue ana askari wangapi, na Biblia inasema hesabu hiyo iliiletea nchi tauni. Wafalme huhesabu watu wajue wanamiliki nini. Katika habari ya Krismasi, Mungu anakwenda kukaa upande wa wanaohesabiwa.

Mahali alipopachagua panasema mengi. Kilomita tano hivi kutoka Bethlehemu, Herode alikuwa amejijengea ngome yenye kasri, Herodium, juu ya kilima kinachoonekana kutoka mjini hadi leo. Habari za kuzaliwa kwa Yesu hazikupelekwa huko. Walioletewa ni wachungaji waliokuwa zamu ya usiku. Yusufu na Mariamu walipompeleka mtoto hekaluni walitoa ndege wawili, sadaka ambayo Torati iliwaruhusu wasiomudu mwanakondoo. Mathayo anaongeza kwamba familia hiyo iliondoka usiku kukimbilia Misri, na hata Herode alipokufa hawakuthubutu kukaa Uyahudi kwa kumwogopa mwanawe Arkelao, wakaenda zao Galilaya.

Wapo Wakongo katika jumuiya za Waswahili ughaibuni waliozaliwa au kukulia Nyarugusu, kambi ya Kigoma iliyofunguliwa mwaka 1996 kuwapokea waliokimbia vita. Hao hawana haja ya kuelezwa maana ya kuondoka usiku na mtoto mgongoni. Watoto wa Shule ya Jumapili wanapoigiza safari ya Misri kwa vitenge na punda wa boksi, mzee wa Uvira aliyekaa kiti cha nyuma anajua kwamba Mungu ameipita njia ile ile aliyoipita yeye.

Kanisa la mwanzo lilibishana kwa miaka mingi kuhusu aliyekuja ni nani hasa. Ario, kasisi wa Aleksandria, alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe, mkubwa kuliko viumbe vyote, lakini kiumbe. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ulimkatalia, na Athanasio, aliyekuwa askofu wa Aleksandria baadaye, aliutetea uamuzi huo hadi akapelekwa uhamishoni mara tano. Kilichokuwa hatarini ni hiki: kama aliyelala horini ni mjumbe tu, basi Mungu mwenyewe alibaki kwake. Waislamu wa jumuiya hizi hizi wanaamini tofauti hapa, ingawa wanamheshimu Nabii Isa na mama yake Maryam, ambaye sura ya 19 ya Kurani inaitwa kwa jina lake. Kwa Mkristo, ukiondoa imani kwamba aliyekuja ni Mungu mwenyewe, Krismasi inabaki kumbukumbu ya kuzaliwa kwa mtu mwema.

Paulo, akiwaandikia Wafilipi kutoka kifungoni, anafundisha kwamba Kristo aliyekuwa sawa na Mungu alijishusha akawa kama mtumwa, na kwamba kushuka huko hakukuishia horini bali msalabani. Hori bila msalaba ni nusu ya habari. Na kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki, fundisho hilo lina anwani: Mkunazini, Unguja.

Juni 1873 Sultani Barghash alikubali mkataba uliofunga masoko ya watumwa katika himaya yake. Siku ya Krismasi ya mwaka huo huo, wamisionari Waanglikana wa UMCA waliweka jiwe la msingi la kanisa katika uwanja wa soko lenyewe la Mkunazini. Aliyeusimamia ujenzi ni Edward Steere, aliyekuwa askofu mwaka 1874, na ndiye huyo huyo aliyefanya kazi kubwa ya kuitia Biblia katika Kiswahili cha Unguja. Mapokeo ya hapo yanasema altare imesimama ulipokuwa mti wa kuwachapia watumwa, na mgeni anayeingia leo huonyeshwa duara la marumaru sakafuni. Mahali watu walipohesabiwa vichwa na kupangiwa bei, waumini wanapanga mstari kupokea mkate na divai, na padri haulizi ukoo wa mtu. Ni vigumu kupata mahubiri ya Krismasi yaliyo wazi kuliko jengo hilo.

Kuhusu tarehe, Biblia haiitaji. Kumbukumbu ya zamani zaidi ya 25 Desemba inayojulikana imo katika kalenda ya Rumi ya mwaka 354, na Waorthodoksi wa Ethiopia na Wakopti wa Misri huadhimisha 7 Januari. Atakayekuwa kazini tarehe 25 basi asione sikukuu imempita. Miji mingi yenye Waswahili ina Waethiopia pia, na mlango wa jirani Januari hauna kufuli.

Haya yote yana maana gani kwa familia iliyokwishaagiza mchele wa pilau na kununua taa za mti? Waupike na waziwashe. Mungu anayezaliwa Bethlehemu hana ugomvi na furaha. Malaika wake mwenyewe waliimba. Lakini ikiwa Krismasi ni siku ya Mungu kuondoka kwake na kuwaendea watu walikokuwa, basi anayeiadhimisha kwa kungoja kualikwa ameielewa nusu. Na jumuiya inayokusanya watu mia ukumbini, wote wakiwa wale wale wanaojuana, imefanya sherehe nzuri ambayo bado haijawa Krismasi.

Walio nje ya ukumbi wanajulikana. Yupo dada anayelea wazee kwenye makao yao, ambaye huchukua zamu ya mkesha kwa sababu mara nyingi inalipa zaidi na ada ya shule ya mdogo wake inadaiwa Januari. Anatoka saa moja asubuhi barabara zikiwa tupu, anakula chakula kilichopoa kwenye kontena la plastiki, kisha anafunga mapazia na kulala Krismasi nzima. Yupo mwanafunzi ambaye bweni lake limefungwa kwa likizo. Yupo aliyefiwa mwaka huu akashindwa kwenda kuzika. Yupo aliyeko mahabusu ya uhamiaji, anayepigiwa simu na wakili peke yake. Na yupo yule aliyekorofishana na viongozi miaka miwili iliyopita, ambaye kila mtu anasema atarudi mwenyewe akitaka. Kwa mfano wa Bethlehemu, wa kuanza safari si yeye.

Kwa hiyo, msomaji, kabla ya tarehe 20 mpe katibu wa jumuiya yako jina la mtu mmoja ambaye hajaonekana, awe Mkristo au asiwe, pamoja na saa anayotoka kazini. Mwenye gari ajiandikishe kupeleka chakula. Ulizia mapema utaratibu wa kumtembelea aliye mahabusu, maana vibali huchukua siku. Na kwa aliyekorofishana na wenzake usitume ujumbe wa simu: nenda ukamgongee mlango.