Tusilitukane Neno "Kukariri"

Bwana Mhariri, naomba nafasi katika kurasa za Kiswahili nilitetee neno moja linaloonewa hapa shuleni. Neno lenyewe ni kukariri.

Tangu mtaala mpya wa kidato cha kwanza hadi cha nne uanze katika Uganda mwaka 2020, neno hili limekuwa tusi. Mwanafunzi akijibu upesi, wenzake humcheka, "Huyo amekariri tu!" Na sasa katika chama chetu cha Kiswahili wako wanaotaka vijana wa kidato cha kwanza waache kuimba ngeli kila asubuhi, kwa kuwa eti huko ni kukariri, si kuelewa.

Neno hili lina asili ya Kiarabu, na maana yake ni kurudia. Ndiyo sababu katika ushairi tunalo neno takriri, na ndiyo sababu Watanzania husema kwamba aliyerudia mwaka amekariri darasa (naye, maskini, pengine hakukumbuka lolote). Hapana mahali katika neno hilo palipotajwa kutoelewa. Asomaye asichokielewa amesoma kikasuku. Au amemeza, maana alichomeza hukitapika siku ya mtihani, kisha basi.

Nakubali kwamba kumeza kulituharibu. Wanafunzi wa zamani watakumbuka madaftari yaliyojaa maneno ya ubaoni. Mtaala mpya umefanya vema kutaka miradi. Lakini miradi nayo humezwa! Nimeona kikapu kilichonunuliwa sokoni kikipewa alama kama kilichosukwa bwenini.

Tena, wengi wetu huku hatukuzaliwa katika Kiswahili. Mganda ana nafuu, maana lugha yake ina ngeli. Lakini Mwacholi atajuaje kwamba ni kiti kimevunjika, viti vimevunjika, asiporudia hata ulimi uzoee? Kuelewa kanuni ni jambo la dakika kumi. Kuisema bila kusita ni kazi ya muhula mzima.

Hata mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, mengi yalidumu vinywani mwa watu kabla ya kuandikwa, na diwani yake ikachapishwa Johannesburg mwaka 1940. Waliokariri hawakuwa wajinga.

Basi vijana na waimbe, na mwalimu awakatize mara kwa mara awaulize kwa nini ni vyangu wala si yangu. Hoja ya kuufuta wimbo italetwa chamani Ijumaa, nami nitaipinga.