Asilimia 15 ya bomba la Tanga: Serikali imekaa wapi kwenye foleni ya fedha?

Machi 2025 ukumbi wa JNICC jijini Dar es Salaam ulijaa suti. Lilikuwa Kongamano na Maonesho ya 11 ya Petroli ya Afrika Mashariki, siku tatu, tarehe 5 hadi 7. Mawaziri, mabosi wa mashirika ya mafuta ya serikali, wawekezaji, washauri.

Mikutano ya namna hii, iwe Dar, Kampala au Dubai, ina sentensi mbili ambazo huwezi kuzikosa. Ya kwanza: mafuta na gesi bado vina miaka mingi mbele. Ya pili: tunaelekea kwenye nishati safi. Mara nyingi zinatoka kwa mtu mmoja, kwenye hotuba moja, na anapigiwa makofi mara mbili.

Tusigombane na hilo. Hoja kwamba Afrika haiwezi kuzuiwa kuchimba na watu waliojitajirisha kwa makaa ya mawe ni hoja yenye uzito. Lakini hoja hiyo imekuwa kubwa mpaka imefunika swali dogo linalokuhusu wewe unayesoma hapa kwenye simu: wakati dunia inabishana kuhusu kuachana na mafuta, fedha zako ziko wapi?

Jibu fupi: ziko kwenye hisa.

Bomba la mafuta ghafi la EACOP, kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko Tanzania. Wenye bomba ni wanne. TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62. CNOOC ya China ina 8. Shirika la mafuta la Uganda, UNOC, lina 15, na TPDC yetu ina 15. Hizo 15 za TPDC hazikuwa zawadi. Ni mamia ya mabilioni ya shilingi ya umma.

Na mwenye hisa, kwenye biashara hii, ndiye anayelipwa mwisho.

Mwenye nyumba na mbia

Fikiria una fremu mjini, unampangisha mtu anafungua mgahawa. Mwisho wa mwezi unataka kodi yako. Wateja wamekuja au hawakuja, hilo ni lake. Sasa fikiria amekwambia, "Mzee, tuingie ubia, na wewe weka hela kidogo." Ukikubali, siku za neema utapata kuliko kodi. Siku mbaya utasubiri muuza nyama alipwe, mpishi alipwe, benki ichukue chake, ndipo uangalie kama kimebaki kitu.

Nchi yenye mafuta inaweza kuwa vyote viwili. Kama mwenye nyumba, inachukua mrabaha na kodi. Kama mbia, kupitia shirika lake la taifa, inaweka mtaji na kungoja gawio. Kisiasa ubia unanoga zaidi. "Na sisi tumo" ni maneno matamu jukwaani. Ila ubia ndio upande unaoumia kwanza bei ikianguka au mradi ukichelewa.

Kuchelewa tumeshakuona. Mafuta ya Uganda yaligunduliwa 2006. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ukatangazwa Februari 2022, na mafuta ya kwanza yakaahidiwa 2025. Ikasogezwa hadi 2026. Njiani benki kadhaa kubwa za Ulaya zilisema hazitakopesha bomba hili, na Bunge la Ulaya likapitisha azimio la kulipinga Septemba 2022. Awamu ya kwanza ya mkopo ilipatikana Machi 2025, kutoka Afreximbank, Standard Bank na tawi lake la Stanbic Uganda, KCB Uganda, na taasisi ya ICD ya kundi la Benki ya Maendeleo ya Kiislamu. Mkopo ukichelewa wenye hisa ndio wanaotoboa mifuko ili kazi isisimame.

Bomba si kisima

Hapa kuna jambo ambalo wapinzani wa mradi na washangiliaji wake wote hulipita haraka. Hisa ya Uganda na hisa ya Tanzania haziko kwenye hatari ileile.

UNOC ina asilimia 15 kwenye bomba, na pia asilimia 15 kwenye visima vyenyewe vya Tilenga na Kingfisher. Kwenye visima hivyo inabebwa na wenzake wakati wa ujenzi, kisha inawalipa kutoka kwenye mafuta yake. Bei ya pipa ikishuka sokoni, Uganda inaumia hapohapo. Deni la kubebwa linabaki lilelile, ila mafuta ya kulilipia yamepungua thamani.

TPDC haina kisima Hoima. Ina bomba tu. Bomba linalipwa kwa kila pipa linalopita, na ushuru uliotajwa kwenye makubaliano ni dola 12.77 kwa pipa. Mafuta yakiuzwa dola 90 au dola 50, bomba linadai 12.77 yake.

Piga hesabu ya haraka. Mapipa 200,000 kwa siku mara 12.77 ni zaidi ya dola milioni 2.5 kila siku. Asilimia 15 ya hapo ni kama dola 380,000. Inavutia, ila hizo ni kabla hujalipa benki, na kabla hujalipia moto: mafuta ya Uganda yana nta nyingi, yanaganda kwenye joto la kawaida, kwa hiyo bomba lote linapashwa hadi nyuzi 50 hivi, usiku na mchana, kilomita zote 1,443.

Kwa hiyo TPDC haitapoteza usingizi kwa sababu bei imeshuka wiki hii. Hatari yake ni bomba kuwa tupu. Uganda inakadiria kuwa na mapipa bilioni 1.4 yanayoweza kuchimbwa. Uzalishaji utapanda, utakaa juu miaka kadhaa, halafu utaanza kushuka, labda vichimbwe visima vipya. Na visima vipya vitachimbwa tu kama miaka 10 ijayo bado kuna mtu anaona faida kuvichimba. Pipa linalolipa dola 12.77 kufika Tanga tu, kabla ya meli, halitakuwa la kwanza kupona soko likibana. Saudi Arabia anachimba kwa gharama ndogo na yuko karibu na bahari.

Soko linalotazamwa ni Asia. China mwaka 2024, karibu nusu ya magari mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme, ukihesabu na yale yanayochajiwa huku yana injini ya mafuta. Hapa karibu zaidi, Ethiopia mwaka huohuo ilizuia kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli. Hawakufanya hivyo kwa kupenda hewa safi. Hawana dola za kununulia mafuta, ila wana umeme wa maji.

Rufiji nayo imo

Mpito wa nishati tumezoea kuuona kama kitu cha Wazungu. Uko hapa nyumbani.

Bomba la gesi la Mtwara hadi Dar lilikamilika 2015 kwa mkopo wa China uliozidi dola bilioni 1. Lina uwezo wa kusafirisha futi za ujazo milioni 784 kwa siku. Miaka ya mwanzo CAG alionesha kwamba linatumika sehemu ndogo sana ya uwezo huo. Mkopo hauulizi bomba limejaa au halijajaa.

Mteja mkubwa wa gesi ile ni TANESCO. Sasa bwawa la Julius Nyerere lina mashine tisa za megawati 235, jumla 2,115. Umeme wa maji ukishajengewa bwawa ni rahisi kuliko wa gesi, kwa hiyo mvua zikiwa nzuri, msimamizi wa gridi ana sababu ya kupunguza mitambo ya gesi. Serikali ileile, mkono mmoja unauza gesi, mwingine unajenga kinachoiondoa gesi sokoni. Si kosa, bwawa tulilihitaji. Ila ndivyo mpito unavyompata muuza gesi: bei inaweza isiguswe, mteja wake tu amepata kingine.

Foleni za bajaji kwenye vituo vya gesi Dar zinasema upande wa pili. Kuna mahitaji ya kweli ya gesi mtaani, na vituo havitoshi. Kama ningekuwa na shilingi moja ya TPDC ya kuweka mahali, ningeiweka pale kabla ya kuipeleka kwenye hisa nyingine ya mafuta ghafi. Gesi ni yetu, mteja yuko kwenye foleni, na analipa leoleo.

Wenzetu waliofika mapema

Ghana 2021. Shirika lao, GNPC, lilitaka kununua hisa kubwa kwenye vitalu vya Aker Energy na AGM kwa zaidi ya dola bilioni 1. Hoja yake ilikuwa ya mpito wa nishati kabisa: kampuni za kigeni zinaondoka, tujifunze kuchimba wenyewe kabla mafuta hayajapoteza thamani. Asasi za kiraia zikajibu kwa hoja ileile iliyogeuzwa: kama wenye uzoefu wanauza, kwa nini sisi tunanunua, tena kwa bei hiyo? Kelele zikawa nyingi, mpango ukakwama.

Msumbiji, shirika la ENH lina asilimia 15 ya mradi wa gesi wa Cabo Delgado. Kuingia kulihitaji serikali itoe dhamana ya mkopo. Machi 2021 Palma ikashambuliwa, mwezi uliofuata TotalEnergies ikasimamisha mradi, na ukakaa hivyo zaidi ya miaka minne. Kampuni kubwa ina miradi mingine duniani ya kuiliwaza. ENH haina Cabo Delgado ya pili.

Taasisi ya NRGI iliweka picha hiyo kwa namba Februari 2021. Mashirika ya mafuta ya serikali duniani yalikuwa yanaelekea kuwekeza dola trilioni 1.9 ndani ya miaka 10, na zaidi ya bilioni 400 za hizo zisingerudisha gharama kama dunia ingetimiza malengo ya Paris. Haya si mashirika ya pembeni. Kwa mujibu wa IEA, ndiyo yanayotoa zaidi ya nusu ya mafuta na gesi duniani.

Kuna wanaosema basi yageuke yawe kampuni za jua na upepo. Wanaitaja Ørsted ya Denmark, iliyouza visima vyake mwaka 2017. Sawa, lakini hata Ørsted ilifuta miradi miwili mikubwa ya upepo New Jersey mwaka 2023 kwa sababu ya gharama. Shirika linalosubiri bajeti ya serikali kulipa wakandarasi haliwi Ørsted kwa kubadilisha nembo.

Hundi inayofuata

Asilimia 15 ya EACOP imeshakwenda. Kuirudia kwa lawama hakusaidii, na kwa maoni yangu, kwa Tanzania si dau baya kuliko yote: hatari ya bei iko mbali kidogo, na bomba linaleta kodi na ajira nje ya gawio. Uganda ndiyo imejipanga kwenye hatari zote kwa pamoja. Kuna visima, kuna bomba, na sasa kiwanda cha kusafisha mapipa 60,000 kwa siku, ambako UNOC itachukua asilimia 40 na Alpha MBM ya Falme za Kiarabu 60.

Kwetu hundi kubwa iko Lindi. Mradi wa LNG wa Equinor na Shell unatajwa kwa dola bilioni 42, na mazungumzo yake yamesuasua miaka mingi. Sheria ya Petroli ya 2015 inaipa TPDC nafasi ya kushiriki kwa kiwango kisichopungua asilimia 25, isipokuwa yenyewe iamue vinginevyo. Robo ya bilioni 42 ni bilioni 10.5. Hata tukibebwa, hata tukichukua kipande tu, hilo ni deni la kizazi. Maneno ya kuangalia kwenye sheria hiyo ni "iamue vinginevyo". Inaruhusiwa kukaa kama mwenye nyumba, ukachukua mrabaha na kodi, ukawaachia wenye mitaji mikubwa wabebe dau.

Ripoti za CAG hutoka kila mwaka mwezi Aprili, na ziko wazi mtandaoni. Ukurasa wa TPDC una sehemu ya uwekezaji. Angalia mistari miwili: hisa ya EACOP imeandikwa kwa thamani gani, na ni bei gani ya mafuta na mapipa mangapi yaliyotumika kuifikia. Kama mstari wa pili haupo, mtafute mbunge wako umuulize.