Vijana Wasio na Shule Wala Kazi: Askari Naye Ana Neno la Kuwaambia

Mwezi wa Desemba mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilitoa hukumu ambayo wengi wetu tuliisikia redioni kisha tukaendelea na zamu zetu. Mahakama ilifuta vifungu vya Kanuni ya Adhabu vilivyomruhusu askari kumkamata mtu kwa sababu tu hana riziki inayoonekana na hawezi kujieleza, au kwa kuwa anazurura mahali penye kutia shaka. Vifungu hivyo tulivirithi kutoka enzi za ukoloni. Kwa miongo mingi vijana wengi wa mijini wasiokuwa na shule wala kazi hawakuijua serikali kwa njia nyingine yoyote ila hiyo: gari la doria, usiku mmoja au miwili mahabusu, kisha kurudi palepale barazani alipokuwa ameketi.

Askari wenzangu, wa jeshi na wa polisi pia, hukumu hiyo imetuachia swali zito. Ikiwa kijana hawezi tena kukamatwa kwa kosa la kutokuwa na kazi, basi afanyiwe nini? Wako wanaosema kwamba hilo si jukumu la askari, ni la waalimu na la wizara. Mimi sikubaliani nao, na sababu zangu ni hizi.

Tuutazame mji wa Mbale, hasa ile sehemu iitwayo Kitengo cha Viwanda, yaani Industrial Division. Jina hilo ni la fahari. Lakini askari aliyewahi kufanya doria Namatala anajua vijana wa huko wanaamka na nini: kubeba magunia ya mpunga kwenye mashine za kukoboa, kulima mashamba ya mpunga ya watu wengine kwa kibarua, kupika waragi, au kungoja pikipiki ya rafiki ili aiendeshe kwa saa mbili tatu. Kazi wanazo, ila ni kazi zisizomfikisha mtu popote. Na si mbali sana na hapo lipo eneo la viwanda la Wachina lililozinduliwa mwaka 2018, ambalo malango yake vijana hao huyapita kila siku pasipo kujua ndani hutakiwa mtu wa aina gani.

Jinja nako hali ni hiyohiyo, ingawa historia yake ni ndefu zaidi. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo twaliita Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na umeme wake ukavuta viwanda: nguo za Nytil, kiwanda cha kuyeyusha shaba iliyoletwa kwa reli kutoka Kilembe, chuma, bia, na mengineyo. Nyumba za Walukuba zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi. Katika siku hizo kijana hakuhitaji ofisi ya ushauri wa kazi. Mjomba wake alikuwa kiwandani; mjomba alimpeleka langoni, akaingia kama kibarua, akaoshwa na kelele za mashine, na baada ya miaka michache akawa fundi. Kiwanda kilikuwa mwalimu, na mjomba ndiye aliyekuwa mshauri. Wahindi walipofukuzwa mwaka 1972 na uchumi ukaporomoka, viwanda vingi vilidhoofika au vikafungwa. Watu husema tulipoteza ajira, na ni kweli. Lakini tulipoteza pia yule mjomba, na juu ya hasara hiyo husemwa machache mno. Viwanda vingine vimerudi, naye hakurudi. Kijana wa leo hana mtu wa kumwambia tofauti kati ya kazi na kibarua, wala apite mlango gani.

Katika chuo cha maofisa tulifundishwa kwamba amri haitolewi kabla ya kutathmini hali: ardhi ikoje, una nguvu gani, una muda gani. Kijana huyu tunampa amri tupu. “Jishughulishe!” “Acha uvivu!” Hakuna aliyeketi naye kumwuliza ameishia darasa la ngapi, mikono yake imezoea kazi gani, ana nani wa kumtegemea, na anaweza kungoja miezi mingapi bila mapato. Binti mwenye mtoto mchanga hawezi kupewa ushauri uleule anaopewa mvulana anayelala kwa wazazi. (Wala binti asielekezwe kwenye cherehani peke yake, kuchomelea vyuma na kufunga umeme ni kazi za macho na utulivu, si za misuli.)

Lipo jambo moja ambalo vijana wengi hawalijui, na naona ndilo lenye faida kubwa kuliko hotuba zote. Fundi aliyejifunzia kazi barabarani, asiye na cheti chochote cha shule, anaweza kupimwa kwa vitendo mbele ya mkaguzi na kupewa hati inayothibitisha ujuzi wake. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwanda kule Lugogo. Sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 2025 imeyaweka mambo ya upimaji wa ufundi chini ya bodi moja. Jirani zetu wa Tanzania wana utaratibu kama huo katika VETA, nao huuita urasimishaji wa ujuzi. Kijana wa Masese anayetengeneza injini za mashua hana haja ya kurudi darasani akae na watoto; ana haja ya mtu wa kumwambia kwamba alichonacho tayari kina thamani, na mahali pa kukipima.

Mtu huyo kwa nini asiwe askari? Kambini mwetu wapo makanika, mafundi umeme, waashi, washonaji, wauguzi, madereva wa magari mazito na watu wa mawasiliano. Na Kiswahili tunachokisema kambini, ambacho raia wengi walikichukia kwa sababu zinazojulikana, leo ni mtaji: dereva au karani asiyekijua atapata taabu kutoka Malaba hadi Mombasa.

Wala ushauri wa namna hii si mgeni kwetu. Jeshi lilipopunguzwa kati ya mwaka 1992 na 1995, askari wapatao 36,000 waliondoka. Hawakusukumwa tu nje ya lango. Walipewa maelezo juu ya kuweka fedha benki, juu ya afya, sheria na njia za kujipatia riziki. Wakapewa mabati na mbegu. Si wote waliofanikiwa, lakini taifa lilikubali kwamba mtu anayevuka kutoka maisha ya aina moja hadi nyingine huhitaji kuelezwa njia. Kijana aliyetoka shule darasa la saba anavuka mto huohuo, na mara nyingi anavuka peke yake.

Hapana budi niguse jambo la aibu. Kila tangazo la kuandikisha askari linapotolewa, matapeli hujitokeza wakiuza nafasi kwa fedha, na wazazi huuza ng'ombe au kiwanja. Kuandikishwa jeshini au polisi hakulipiwi hata shilingi moja. Sisi tuliovaa sare ndio tunaopaswa kulisema hilo majumbani na misikitini na makanisani, kwa sauti, kabla ya tangazo na si baada yake. Yafaa pia tuwaambie ukweli kwamba nafasi ni chache, kuna masharti ya umri, cheti na afya, na kwamba asiyechaguliwa hajashindwa maisha. Kijana anayeijua njia moja tu ndiye mawindo ya tapeli.

Ninachopendekeza hakihitaji Bunge wala fungu jipya la fedha. Kila kambi yenye karakana, kuanzia Jinja na Mbale, iwapokee vijana wachache siku ya Jumamosi, wavulana kwa wasichana, watazame kazi, waulize, washike spana kwa ruhusa ya fundi. Mkuu wa kituo cha polisi awe na karatasi moja ukutani yenye majina ya vyuo vya ufundi vya wilaya, ada zao, na tarehe za upimaji. Na orodha ya kwanza ya vijana isitafutwe mbali: ianze na watoto wetu wenyewe waliotimiza miaka 18, walioacha shule, ambao bado wanalala katika vyumba vya kambini na ambao majina yao kila sajini anayajua.