Namba ya kwenye boksi la RAM si ahadi

Leo nasema kitu ambacho wauzaji wengine wa kompyuta hawatakipenda: kasi iliyoandikwa kwenye boksi la RAM si kasi uliyohakikishiwa. Ni kasi ambayo RAM hiyo inaweza kufika, prosesa na mazabodi yako zikikubali. Zikikataa, kompyuta inajizima, inaleta skrini ya bluu, ama inaganda ukiwa katikati ya kazi.

Hebu tuelewane. Ukichomeka RAM ya DDR4 ya 3600, mashine kwa kawaida huianzisha polepole, kwa 2133, 2400 ama 2666. Ndiyo uingie BIOS uwashe XMP, ama EXPO kwa RAM za DDR5 zilizopangiwa AMD. Hapo kasi inapanda, na volti pia: kwa DDR4 nyingi, kutoka 1.2 hadi 1.35. Intel na AMD wenyewe wanahesabu hiyo ni kusukuma mashine kupita kiwango chake.

Angalia Ryzen za mfululizo wa 7000. Kasi rasmi ya AMD kwa vijiti viwili vya RAM ni 5200. Ukijaza vinne, inashuka hadi 3600. Lakini RAM za 6000 ziko kila duka la mtandaoni, na hakuna anayekuambia hiyo hesabu kabla hujalipa.

Basi mtu anajinyima, anaagiza mashine kutoka Nairobi, inapanda basi mpaka Kitale, Lodwar, Kakuma, inafika hapa Loki. Anawasha XMP kwa sababu jamaa fulani wa YouTube amesema usipoiwasha umetupa pesa. Siku mbili iko sawa. Siku ya tatu anaediti video ya harusi ya watu, inazima. Anapiga Windows upya, inazima tena. Fundi anasema ni virusi. Siku nyingine anaambiwa ni stima.

Na joto letu je? RAM hushika data kwa chaji ndogo ndogo za umeme, na kadiri inavyopata joto ndivyo chaji zinavyovuja haraka. Mashine iliyojaribiwa kwa chumba chenye baridi huko Nairobi inaweza kushindwa saa nane mchana huku Turkana, feni ikiwa imejaa vumbi.

Kwa maoni yangu, fanya hivi, kwa mpangilio huu. Kwanza, zima XMP, utumie mashine siku kadhaa. Ikitulia, umepata pa kuangalia. Isipotulia, tatizo linaweza kuwa kwingine: pawasapulai, diski, joto la prosesa, ama RAM yenyewe ni mbovu. Pili, weka MemTest86 kwa flashi uiache ikimbie usiku kucha. Kosa hata moja ni kosa, usijidanganye ati ni kidogo. Tatu, jaribu kijiti kimoja kimoja. Kama una viwili kwa mazabodi ya nafasi nne, mara nyingi vinakaa nafasi ya pili na ya nne kutoka kwa prosesa. Na usichanganye RAM za pakiti tofauti, hata kama jina na namba vinafanana. Nne, sasisha BIOS, lakini ukiwa na UPS yenye chaji. Stima ikipotea katikati, mazabodi inaweza kufa kabisa. Mwisho, kama XMP bado inakataa, shusha kasi hatua moja moja: 3600, 3400, 3200. Pale inapotulia ndipo kwako.

Kuna watakaosema, "Sasa nimelipia 3600 nitumie 3200?" Naelewa uchungu huo. Lakini kwa kazi nyingi za kuediti video, tofauti ya hizo mbili ni ndogo sana. Kompyuta ikizima mara moja imekula muda kuliko ule ungeokoa mwezi mzima. Na kuzima si hata ubaya mkubwa. Ubaya mkubwa ni RAM inayokosea kimya kimya: faili inahifadhiwa ikiwa imeharibika, na unajua siku mteja anakuja kuchukua kazi. Harusi hairudiwi, wadau. Mazishi ya mzee wa watu hayarudiwi.

Ndiyo maana nataka vitu viwili kwa wauzaji. Kabla mashine haijapanda basi, ijaribiwe kwa kasi ile ile mliyotangaza, na mteja aonyeshwe majibu ya jaribio. Na mseme wazi: kasi hii inategemea prosesa yako. Mtu wa Nairobi akiuziwa kitu kibaya, anapanda matatu anarudisha kesho yake. Sisi kurudisha ni siku kadhaa, nauli, na kazi imelala. Ukweli mdogo dukani ungetuokolea pesa nyingi huku juu.

Na wewe kijana wa Loki, Kakuma ama Lodwar unayekula kwa hiyo kompyuta moja: kasi ni ya kujionyesha, utulivu ndio unalipa. Kama yako inazima, niambie hapo chini ni RAM gani, vijiti vingapi na prosesa ipi. Tutasaidiana.