NYUMBANI NA VYOMBO VYAKE: Sauti ya Kompyuta, Iliyomo Ndani au Kadi ya Kununua?

Mjini Kigali kompyuta imekwisha kuingia katika orodha ya vyombo vya nyumbani, kama ilivyoingia redio katika siku za wazee. Tangu mwaka 2008 Serikali ya Rwanda iligawa katika shule za msingi kompyuta ndogo zaidi ya 200,000, na mwaka 2015 kiwanda cha Positivo BGH kilianza kuunganisha kompyuta mpakato mjini humo. Ipo tofauti moja, hata hivyo. Redio ilinunuliwa ili watu wasikilize tu; kompyuta yatakiwa isikilizwe na pia isikilize. Jambo hilo lilionekana wazi mwezi Machi 2020, shule na nyumba za ibada zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19. Masomo na nyimbo vikahamia redioni, katika televisheni na katika kompyuta.

Aghalabu hapo ndipo malalamiko yanapoanza. Mtu amerekodi somo, au kwaya imerekodi wimbo, na nyuma ya sauti pana mvumo usiokoma. Jirani ashauri inunuliwe kadi ya sauti. Muuzaji naye hawezi kukataa kuuza. Kabla fedha za nyumba hazijatoka, yafaa mtu afahamu kadi hiyo yafanya kazi gani, na ile sauti iliyomo ndani ya kompyuta imepungukiwa na nini.

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Kipaza sauti huugeuza mtikisiko huo kuwa umeme mdogo, kisha chipu ndani ya kompyuta huupima umeme huo mara nyingi kwa sekunde na kuandika kila kipimo kwa tarakimu. Kwa kipimo cha santuri za CD, kazi hiyo hufanyika mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo kikiwa na biti 16, na hivyo nafasi kati ya sauti kubwa kabisa na ukimya huwa desibeli 96 hivi. Wakati wa kusikiliza, kazi hiyo hurudi kinyumenyume: tarakimu hugeuka umeme, na umeme hutikisa spika.

Hapo mwanzo kompyuta hazikuwa na uwezo huo. Ile ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na spika ndogo ya kutoa mlio wa tahadhari tu. Aliyetaka muziki alilazimika kununua kadi: AdLib ya Kanada ilitoka mwaka 1987, na Sound Blaster ya kampuni ya Creative ya Singapore mwaka 1989. Baadaye, mwaka 1997, kampuni ya Intel ilitoa kanuni iliyowawezesha watengenezaji kuiweka sauti katika ubao mkuu wa kompyuta kwa gharama ndogo, na mwaka 2004 ikatoa kanuni nyingine iliyo bora zaidi. Tangu hapo kadi ya sauti ikaacha kuwa kitu cha lazima, ikawa kitu cha kuchagua.

Kwa kusikiliza tu, kadi ya kununua haina faida kubwa katika nyumba nyingi. Chipu za siku hizi, hata za bei ya chini, hutoa sauti safi kuliko spika ndogo zinazounganishwa nazo. Mwenye fedha kidogo atasikia tofauti kubwa zaidi akizitumia kununua spika nzuri au visikizi vizuri. Kadi humfaa msikilizaji iwapo visikizi vyake vinahitaji nguvu nyingi kuliko kompyuta iwezavyo kutoa, au iwapo mkwaruzo wasikika kila kipanya kinaposogezwa.

Katika kurekodi mambo ni mengine. Umeme utokao katika kipaza sauti ni mdogo mno, pengine elfu chache tu za volti moja, na hauna budi kukuzwa mara nyingi kabla ya kupimwa. Katika ubao mkuu kazi hiyo hufanyika jirani na vyombo vingine vyenye purukushani ya umeme, navyo vyote hula katika chungu kimoja. Ukuzaji haubagui, hukuza maneno ya msemaji na hukuza pia purukushani ya majirani. Kwa hiyo tarakimu nzuri zinazoandikwa kwenye sanduku huenda ni za chipu peke yake, wala si za ubao mzima ukiwa kazini.

Kadi ya nje, inayounganishwa kwa waya wa USB, huiondoa kazi hiyo katika msongamano. Iliyo bora ina kikuzaji chake, ina kitufe cha kupunguza na kuongeza sauti, na hutoa volti 48 zinazohitajiwa na vipaza sauti vya studio. Tundu la kawaida la kompyuta hutoa volti chache tu. Aidha, huwawezesha waimbaji kujisikia wenyewe bila kuchelewa. Sauti ikichelewa sehemu 10 za elfu za sekunde, ni kama kumsikiliza mtu aliye umbali wa mita tatu na nusu hivi. Ikichelewa mara kumi zaidi, mwimbaji hupotea katika mapigo. Lakini si kila kitu chenye jina la kadi kina sifa hizo. Vile vidude vidogo vya bei rahisi mara nyingi vina chipu isiyoishinda ile iliyomo tayari katika kompyuta.

Kabla ya kwenda dukani, lipo jaribio lisilogharimu kitu. Mtu na arekodi dakika moja ya ukimya, kisha aisikilize kwa visikizi. Achomoe chaja, arekodi dakika nyingine kompyuta ikitumia betri. Mvumo ukitoweka, kosa lilikuwa katika njia ya umeme, na dawa yake ni kurekodi kwa betri. Kamwe asikate mguu wa waya wa ardhi katika plagi ili kuondoa mvumo. Mguu huo ndio unaolinda uhai wa wenye nyumba. Kama kinachosikika ni feni, hakuna kadi iwezayo kuiondoa. Kompyuta na isogezwe mbali na kipaza sauti.

Chumba nacho kina lawama yake. Sakafu ya saruji na kuta tupu hurudisha mwangwi, na bati hunguruma katika mvua za Machi hadi Mei na zile za mwisho wa mwaka. Godoro lililosimamishwa ukutani, vitenge vilivyotundikwa na mkeka sakafuni husaidia sana. Kipaza sauti kikiwekwa umbali wa kiganja kimoja kutoka mdomoni, faida ni kubwa zaidi: kila umbali unapopunguzwa nusu, sauti ya msemaji huongezeka kwa desibeli 6, ilhali kelele ya chumba hubaki pale pale.

Wala vilivyomo ndani visidharauliwe. Zile kompyuta ndogo za shule ziliundwa hivi kwamba tundu lake la kipaza sauti liliweza pia kupokea vipimo vya umeme kutoka vihisishi, hata mwanafunzi akaweza kuchunguza mambo ya sayansi kwa tundu hilo hilo.

Basi nani anunue? Mwanafunzi anayehudhuria somo na ofisa anayehudhuria mkutano hawana haja. Kipaza sauti cha masikioni chenye waya chawatosha. Kwaya inayorekodi nyimbo zake ina haja, na kadi moja ya nje yaweza kununuliwa kwa mchango na kutumiwa na wote. Mwenye haja zaidi ni yule anayetaka kuhifadhi sauti za chini. Inanga ya Rwanda, ule ubao wenye nyuzi, haina kishindo; utamu wake umo katika mitetemo midogo ambayo mvumo huifunika. Sophie Nzayisenga alijifunza inanga kwa baba yake, Thomas Kirusu. Mtoto aliyekaa karibu na mzazi alisikia kila uzi. Kompyuta yenye mvumo haisikii hivyo.

Vivyo hivyo kwa maneno ya wazee. Katika nchi ambayo mwaka 1994 ilipoteza watu wengi pamoja na sauti zao, neno la bibi aliyebaki lina thamani isiyopimika. Hifadhi ya kumbukumbu za Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, iliyoanzishwa mwaka 2010 katika Kituo cha Kumbukumbu cha Gisozi, hutunza ushuhuda mwingi ulionaswa kwa sauti na picha. Familia nayo yaweza kutunza ya kwake: majina ya mababu, nyimbo za kubembelezea watoto, habari za vilima walikotoka. Fundi aweza kupunguza mvumo baadaye, lakini kila aupunguzapo huondoa pia sehemu ya sauti yenyewe, na mzee hawezi kuombwa kila mara arudie jambo lililomtoa machozi.

Kwa kazi ya namna hiyo, kadi njema ya nje si anasa. Hata hivyo, mzee asingojeshwe mpaka kadi ipatikane. Leo jioni, kwa betri, katika chumba chenye vitenge ukutani, kompyuta iliyopo yaweza kuanza. Sauti ihifadhiwe katika faili la WAV lisilobanwa, nakala ziwe mbili mahali pawili, na kila moja iandikwe jina la msemaji, tarehe na mahali.