Nyongeza za Umma Zisomwe Kwanza

Majuzi mwanafunzi wangu mmoja alinijia akiwa na furaha tele. Alikuwa ameweka kwao Home Assistant, programu ya kuendesha taa, pampu na kamera za nyumbani, katika tarakilishi ndogo ya Raspberry Pi. Ilipokataa kutambua swichi aliyoinunua babake, alitafuta nyongeza iliyoundwa na mtu asiyemjua, akaipachika, taa ikawaka. Nilimpongeza, kisha nikamwuliza iwapo aliisoma kwanza. Akacheka. "Mwalimu, nani husoma hayo?"

Programu hiyo ilianzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013, na wanaojitolea kuiendeleza siwabezi hata kidogo. Kampuni inapokitelekeza kifaa, mara nyingi ni mtumiaji wa kawaida anayekifufua. Hata hivyo, yafaa ieleweke kwamba nyongeza zisizo rasmi, kama zile zipatikanazo kupitia HACS, hazikaguliwi na waundaji wa programu yenyewe. Wala hazifungiwi chumba chao: nyongeza ikishaingia, huweza kusoma faili zilezile ambazo programu husoma, maneno ya siri yakiwemo. Mfumo huandika onyo kwamba nyongeza hiyo haijajaribiwa. Wangapi hulitazama?

Hayo si maono ya mwoga. Januari 2021 ilitangazwa kwamba nyongeza kadhaa mashuhuri, HACS yenyewe ikiwa mojawapo, zilikuwa na ufa uliomwezesha mtu wa nje kusoma faili za mfumo bila kujitambulisha. Haikuwa hila, ni kosa la kutohakiki njia ya faili inayoombwa. Marekebisho yalitolewa, lakini aliyezembea kuyaweka aliendelea kulala mlango wazi.

Sasa, nyongeza hizo huandikwa kwa Python, lugha ambayo baadhi ya wanafunzi wetu hujifunza. Mbona mwalimu asichague moja fupi, darasa likaifuata mstari kwa mstari: inawasiliana na anwani gani? Inafungua faili zipi? Ilirekebishwa lini mara ya mwisho? Najua wenzangu watanijibu kwamba silabasi haina nafasi. Silabasi haijawahi kuwa na nafasi.

Ile ya mwanafunzi wangu tuliisoma pamoja Jumamosi moja. Tulikuta kwamba kila swichi ilipobonyezwa, habari zilipelekwa kwenye anwani ya mbali ambayo maelezo ya nyongeza hayakuitaja popote. Aliiondoa jioni hiyohiyo. Babake, nasikia, hajafurahi. Taa ya sebuleni imerudi kuwashwa kwa mkono.