Sarafu za Ukumbusho: Thamani Yake Yatoka Wapi?

Ndugu zetu wakaao Ulaya huleta mara nyingine sarafu za euro wanapokuja kusalimu jamaa. Katika hizo huonekana moja ya euro 2 yenye picha isiyo ya kawaida, na mara maneno huanza: «Hii ni mali kubwa; mwenye kuiuza atajenga nyumba.» Tuyapime maneno hayo kwa utulivu, maana mzazi aweza kutoa hata karo ya watoto apate kununua sarafu ya namna hiyo.

Sarafu ya euro 2 ina nyuso mbili. Uso mmoja ni sawa kwa nchi zote. Wa pili ni wa kila nchi peke yake. Tangu mwaka 2004 nchi zimepewa ruhusa ya kubadili uso huo wa pili kwa ukumbusho wa mtu au jambo. Ugiriki ilitangulia, kwa ajili ya michezo ya Olimpiki ya Athens. Kwanza kila nchi iliruhusiwa kutoa moja kwa mwaka. Tangu 2012 ni mbili. Kwa hiyo aina zake leo ni mamia, na nyingi hununua mkate sokoni kama sarafu nyingine yoyote.

Mwenye kutaka kujua thamani yake na aulize maswali matatu.

Kwanza: zilipigwa ngapi? Mwaka 2007 Monaco ilimkumbuka Grace Kelly, miaka 25 baada ya kifo chake, kwa sarafu 20,001 tu. Wakusanyaji huilipia kila moja zaidi ya euro 1,000. Mwaka uleule Ujerumani ilikumbuka Mkataba wa Roma kwa sarafu milioni 30 hivi. Hizo zikiisha kupita mikononi mwa watu, ni euro 2 basi. Umri wao ni mmoja, na madini yao ni yale yale.

Pili: hali yake ikoje? Iliyobaki safi kama ilivyotoka kiwandani huishinda mbali ile iliyokwaruzwa mifukoni. Msiisugue kwa mchanga wala kwa limao ipate kung'aa. Mnunuzi mwenye ujuzi hutambua mara, na bei hushuka.

Tatu: nani ameilipia, na kiasi gani? Hapa wengi hujikwaa. Mtu aweza kuiombea sarafu yake euro 50,000. Kuomba hakuna gharama. Thamani huonekana pale fedha inapotoka mkononi mwa mnunuzi. Tafuteni bei zilizolipwa kweli, kama zile za minada.

Je, kukusanya ni kazi bure? Sivyo. Mwaka 2005 Vatikani ilitoa sarafu 100,000 kwa Siku ya Vijana Duniani huko Köln. Mwaka 2015 Ubelgiji ilitaka kukumbuka vita vya Waterloo. Ufaransa ilipopinga, Ubelgiji ikapiga sarafu ya euro 2.50, itumikayo nchini mwake tu. Mwanafunzi azipangaye sarafu hizo hujifunza historia kiganjani mwake.

Basi, mkipewa sarafu kama zawadi, ishikeni kwa kingo, itieni katika bahasha safi, andikeni juu yake nchi na mwaka. Lakini mkibembelezwa kuinunua kwa bei kubwa, kumbukeni wahenga: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Karo ya watoto na ilipwe kwanza.